Muulize Mfamasia: "Nakula Usiku Nimejifungia Garini"

Toleo lililopita niliandika mistari miwili tu, kwamba Marekani kuna dawa ya cheti iliyoidhinishwa kwa watu wazima wenye ugonjwa wa kufakamia chakula, afu nikapita zangu kwenda kwenye mada ya presha. Kumbe nimechokoza nyuki. Barua zimemiminika, na nyingi zinaanza "shikamoo dokta". Marahaba, ila mimi ni mfamasia, nakaa nyuma ya dirisha la dawa, kwaiyo haya nayoandika yakusaidie kwenda kumuuliza dokta wako vizuri, sio kumruka. Nimechagua barua nne, ya kwanza ndefu na jibu lake refu, mnivumilie.

*

Shikamoo. Niko Columbus, Ohio mwaka wa sita sasa, nina miaka 38. Sijui nianzie wapi mana hii kitu hata mume wangu haijui. Asubuhi nakunywa chai ya rangi bila sukari basi, nataka kupungua, mchana kazini najikaza, natoka saa tano usiku napita sheli nanunua boksi la kuku, donati, chipsi za pakiti, nakula garini nimezima taa, nakula mbio hata ladha siisikii, tumbo linauma na mkono bado unaenda. Makaratasi nasukumia chini ya siti. Nikifika nyumbani mume ananiuliza umekula? nasema bado, ananiwekea ugali na nala na huo ili asishtuke. Mara nne mpaka tano kwa wiki, mwaka wa pili huu. Sitapiki wala sinywi dawa za kuharisha. Marehemu mama angeniona angeniita mroho. Dokta wa kliniki kila nikienda ananiambia punguza uzito. Hiyo dawa ulosema inanifaa? Na ntakuwa teja?
— Mla gizani, Columbus

Mdogo wangu, pole. Nimeisoma barua yako mara mbili na pale pa kula ugali juu ya shibe ili mume asishtuke ndo paliponisimamisha, mana watu wakisikia mtu anakula sana wanadhani anafurahia.

Tuanze na jina. Sisi kwetu tuna mlafi, mroho, mlaji, yote matusi, hakuna hata moja la ugonjwa. Lakini ulichoeleza kina sura yake inayojulikana. Daktari mmoja wa akili wa Marekani, Albert Stunkard, alikiandika tangu 1959, ila kilikaa miaka mingi bila kupewa kiti chake mpaka 2013, kitabu cha madaktari wa akili wa Marekani kilipotoka toleo la tano kikakiweka kama ugonjwa kamili unaojitegemea, kwa Kiingereza binge eating disorder. Wanachoangalia ni hivi: unakula chakula kingi kuliko watu wengi wangekula kwa muda huo, na unahisi usukani hauko mkononi mwako, angalau mara moja kwa wiki kwa miezi mitatu. Afu wanatafuta dalili tatu au zaidi kati ya hizi, kula mbio kuliko kawaida, kula mpaka tumbo liume, kula sana na huna njaa, kula peke yako kwa aibu, na kujichukia baada ya hapo. We umenitajia nne bila hata mi kukuuliza. Na kwa sababu hutapiki wala hujiharishi, inatofautiana na bulimia, ule ugonjwa wa kufakamia afu kujitapisha au kujiharisha. Mara nne mpaka saba kwa wiki wanaiita ya kiwango cha kati. Sikupi majibu ya vipimo hapa, nakuonesha tu kwamba hili jambo lina mlango hospitalini, na sio mlango wa "punguza uzito".

Sasa dawa yenyewe. Inaitwa lisdeksamfetamini, jina la dukani Vyvanse. Ilianza 2007 kama dawa ya watu wasiotulia na wasioweza kukaza akili kwenye jambo, ile ADHD, na mwishoni mwa Januari 2015 FDA, mamlaka ya dawa ya Marekani, ikaikubali pia kwa watu wazima wenye ugonjwa wa kufakamia, wa kiwango cha kati mpaka mkali. Ndo dawa pekee FDA iliyoipa ruhusa kwa ugonjwa huu.

Inafanyaje kazi? Ndani yake kuna amfetamini, nisikufiche. Ila imefungwa na kipande cha laisini, kitu kilekile kilichomo kwenye protini ya maharage na nyama, na ikiwa imefungwa hivyo haina makali. Ifikirie nazi, hata uilambe vipi kifuu, tui hulipati mpaka ivunjwe ikunwe. Hii inakunwa ndani ya damu, chembe nyekundu zinakitoa kile kipande polepole, ndo maana kidonge kimoja cha asubuhi kinakwenda na wewe karibu siku nzima. Kule kwenye ubongo inaongeza dopamini na noradrenalini, kemikali zinazopeleka ujumbe, na wanaoitumia wanachoniambia pale dirishani kinafanana sana, kwamba ile kelele inayosema nenda sheli, nenda sheli, inashuka sauti. Mama mmoja aliniambia siku ya tatu alipita mbele ya duka la donati akafika nyumbani ndo akakumbuka kwamba hakusimama. Alikuwa amesimama kaunta na kopo lake tupu, analia na kucheka.

Sio wote lakini. Jaribio moja la wiki 11 lililochapishwa 2015, waliopewa miligramu 70 nusu yao walimaliza wiki nne za mwisho bila kufakamia hata mara moja, wa miligramu 50 ni kama 42 kwa mia, na waliopewa kidonge bandia kisicho na kitu ni 21 kwa mia. Angalia hiyo ya mwisho, mtu mmoja kati ya watano alinyamaza kwa kidonge kitupu, nadhani kwa vile tu kuna mtu alimuuliza na akaandika kila siku amekula nini. Na angalia ya kwanza pia, nusu hawakunyamaza kabisa. Wale wa miligramu 30 hawakutofautiana na wa kidonge bandia, ndo maana dokta anaanza na 30 kuzoeza mwili tu, anapandisha 20 kila baada ya kama wiki, mpaka 50 au 70, haizidi hapo. Ikifika dozi hiyo na kufakamia kuko palepale, inaachwa, hakuna kuing'ang'ania.

Umeuliza kama utakuwa teja. Swali zuri na sitalizungusha. Boksi lina onyo zito kabisa la FDA kuhusu kutumia vibaya na uraibu, na Marekani iko kundi la pili la dawa zinazodhibitiwa, lile lile la morfini. Ndo maana famasi hatukuongezei dawa kwa cheti cha zamani hata ukilia, kila mara cheti kipya. Akina dada wananikasirikia pale dirishani, siwalaumu, ila ndo sheria. Mtu anayeimeza kama alivyoandikiwa, asubuhi, kwa kipimo, dokta akimfuatilia, hatari yake ni ndogo kuliko ya anayeitafuta mtaani, lakini haijawa sifuri. Kama umewahi kusumbuliwa na pombe au kitu kingine, mwambie dokta kabla hajashika kalamu. Mwambie na haya: kama moyo wako una tatizo au ukoo wenu watu wanakufa ghafla bado vijana, kama una presha, kama umewahi kuwa na zile siku za kutolala na kuongea mfululizo na kununua vitu ovyo, kama unatumia dawa za sonona, mana zile za kundi la kuzuia MAO, kimeng'enya cha mwilini, lazima ziwe zimeachwa siku 14, na hizi za kawaida nazo zinaweza kugongana nayo. Kama unategemea mimba au unanyonyesha, sema. Ukinyonyesha haitakiwi.

Madhara ya kila siku ni mdomo kukauka mpaka ulimi unagandana, usingizi kukimbia, choo kigumu, moyo kwenda mbio, mwili kutetemeka tetemeka, wasiwasi. Presha kwa wastani inapanda pointi 2 mpaka 4 na mapigo 3 mpaka 6, kwa mtu mzima wa afya sio kitu, kwa mwenye presha ambayo hajui kama anayo ni kitu. Imeze ukiamka. Ukiimeza saa tisa alasiri usiku utahesabu mabati. Kwako wewe unaotoka kazini saa tano kuna hesabu ya kufanya na dokta, kwa sababu ikimezwa saa moja asubuhi, saa tano usiku ndo imekwisha nguvu, na saa tano usiku ndo saa ya sheli. Mweleze hilo kwa saa kabisa, asikuandikie tu "asubuhi" kama unafanya kazi benki.

Halafu kuna chai ya rangi. Hapa ndo nitakuwa mkali kidogo kama dada yako. We unashinda na njaa masaa kumi na tano, afu usiku mwili unadai deni lake lote na riba, na we unaliita deni lile uroho. Tiba ya mazungumzo kwa ugonjwa huu, ile inayoshughulika na fikra na tabia, kitu cha kwanza inachokufanyisha sio kupunguza chakula, ni kukulisha: kifungua kinywa, mlo wa mchana, wa jioni, na vitu vidogo katikati, kwa saa maalum, uwe na njaa usiwe nayo. Watu wanashangaa. Na dawa hii inaua hamu ya kula mchana, kwaiyo mtu asiyejua anafurahi, anaacha kula kabisa, ikiisha nguvu usiku mafuriko yanarudi. Ukipewa, kula mchana kwa saa hata kama hujisikii. Uji, ndizi, yai, chochote.

Bei isikutishe kama zamani, tangu Agosti 2023 FDA imeruhusu zile za majina ya kawaida zisizo za kampuni ya kwanza. Ila bima nyingi zinataka dokta aandike barua ya sababu kwanza, kwaiyo pale kliniki tumia jina la ugonjwa wenyewe. Kama mdomo hautaki kusema, ikunje barua hii uliyoniandikia umpe mkononi. Imejitosheleza, hata mimi singeiandika vizuri hivyo.

*

Habari mfamasia. Niko Leicester. GP wangu, dokta wa familia, nimemwambia kuhusu hiyo dawa kaniangalia kama nimemuomba bangi. Anasema nianze na kitabu. KITABU! Ni ubaguzi au?
— Hasira, Leicester

Hasira, kunywa maji kwanza. Inaweza kuwa kakujibu vibaya, hilo siwezi kulikataa, lakini hajakudanganya. Uingereza dawa hiyo ipo kwa jina la Elvanse na imesajiliwa kwa ADHD tu, kwa kufakamia haijasajiliwa. Mwongozo wa 2017 wa NICE, taasisi yao inayoandika miongozo ya tiba, unasema usimpe mgonjwa dawa kama tiba pekee ya ugonjwa huu, unaanza na programu ya kujisaidia mwenyewe, ndo hicho kitabu, ila kitabu chenye mtu wa kukuongoza. Hapo ndo ukomae. Kama amekupa kitabu akakuacha nacho, hajamaliza mwongozo wake, dai huyo mtu na vikao vyake vifupi. Na kama baada ya wiki nne hakisaidii, hatua inayofata ni tiba ya kikundi, vikao 16 vya saa moja na nusu, kila wiki. Mwambie hivyo hivyo kwa namba, wanashtukaga sana mgonjwa akijua namba.

Tena usikidharau kitabu. Kinakufanya uandike ulichokula, saa ngapi, ulikuwa wapi, na nini kilitokea kabla. Ukishaandika "Jumanne, saa mbili usiku, baada ya simu ya nyumbani kuomba hela" mara nne, unaanza kuona kitu ambacho kidonge hakikioneshi.

*

Mambo vp, niko Dar, kuna binamu yangu yupo Texas anatumia hiyo Vyvanse amepungua balaa, amesema atanitumia vidonge 30 na mtu anayekuja Desemba. Mi sina huo ugonjwa wa kula garini ila nina harusi ya mdogo wangu mwakani na kitenge kimeshashonwa. Nianze na ngapi?
— Bi Mshono, Dar

Sifuri.

Na binamu yako mwambie aache, mana kumpa mtu mwingine dawa ya kundi hilo huko Marekani ni kosa la jinai, na nyumbani Tanzania amfetamini ni dawa za kulevya kwa sheria yetu ya 2015. Huyo mtu anayekuja Desemba hajui anachobebeshwa, akifunguliwa begi airport akakutwa na vidonge vyenye jina la mtu mwingine mtamtafutia wakili badala ya mshereheshaji.

Hata uondoe sheria, karatasi ya dawa yenyewe imeandika kwamba sio dawa ya kupunguza uzito. Kweli wengi kwenye majaribio walipungua, sibishi, lakini dawa za kukata hamu ya kula zilizotumika kukondesha watu zina historia mbaya na moyo. Fenfluramini iliondolewa sokoni Marekani 1997 kwa sababu ya kuharibu vali za moyo. Sibutramini nayo, ambayo ilijaribiwa hata kwa hawa wanaofakamia na ikaonesha kusaidia, iliondolewa 2010, moyo na kiharusi. Na mpaka leo inakamatwa imefichwa kwenye "chai za kukondesha" na vidonge vya "asilia", kwaiyo na ile nyingine unayofikiria kununua mtandaoni ukishasoma jibu hili, acha.

Mshonaji wa kitenge aongeze kipande pembeni. Mafundi wa Kariakoo wanajua kuacha upindo.

*

Assalaam aleikum. Niko Minneapolis, dereva, miaka 44. Dokta kaniandikia hiyo dawa mwezi wa pili huu, miligramu 50, na kwa kweli imenisaidia, zamani nilikuwa narudi nala sufuria la wali peke yangu. Maswali mawili. Ramadhani nafanyaje? La pili naomba usinitaje, jamaa zangu tunakaa wikiendi na majani, unaelewa. Kuna ubaya?
— Dereva, Minneapolis

Waaleikum salaam kaka. Nimekuelewa na jina lako sina.

Nianze na majani, yaani miraa, mana hilo halisubiri Ramadhani. Miraa ina kathinoni, na kathinoni kwa umbo na kazi ni ndugu wa damu wa amfetamini. Yaani we Jumamosi unameza dozi yako asubuhi, jioni unaongeza ya pili kwa mdomo, isiyo na kipimo, ukiwa na soda na kahawa juu yake. Moyo unapigishwa na watu wawili ngoma moja. Presha inapanda, usingizi unakata, na Jumapili jioni nguvu zote zikishuka pamoja, unapigwa na njaa na huzuni, ndo pale sufuria la wali linakuita tena. Kwaiyo hata ukiacha moyo kando, unaharibu kazi ya dawa yako mwenyewe. Na kathinoni huko Marekani ulipo iko kundi la kwanza la dawa haramu, na we unaishi kwa leseni ya udereva. Kama kuacha baraza ni kugumu, na najua ni kugumu, baraza ndo ndugu zako, basi mwambie dokta ukweli ili aamue yeye kama uendelee na dawa. Usichague mwenyewe kuruka kidonge cha Jumamosi ili majani yapite, wengi mnafanya hivyo. Ukipata maumivu ya kifua, kuzimia, au pumzi kukata, ni emajensi hapohapo, na ukifika uwaambie vyote viwili.

Ramadhani. Kidonge ni kimoja kwa siku, kwaiyo daku inawezekana kwa wengi, umeze, ule, unywe maji ya kutosha mana mdomo utakauka na huna ruhusa ya kunywa mpaka magharibi. Usihamishie kwenye futari, hutalala tarawehe hadi alfajiri. Kama chako ni cha kapsuli na kukimeza kizima kunakusumbua unaweza kukifungua ukakikoroga kwenye maji au mtindi ukanywa chote saa hiyo hiyo, usikigawe ule nusu leo nusu kesho.

Ila shida yako sio kidonge, shida ni mpangilio wa mwezi wenyewe. Kushinda na njaa, afu meza imejaa sambusa, kaimati, tambi, uji wa pilipili manga, watu wote wanakula kwa kasi na hakuna anayeshangaa. Kwa mtu mwenye ugonjwa wako hiyo ni sawa na mlevi kuhamia baa. Mkono wako utakumbuka. Wako wanaofunga vizuri kabisa: tende na maji, wanaswali, wanarudi, wanapakuliwa sahani moja na mtu mwingine, afu mlo mwingine mdogo saa nne, afu daku haikosi kamwe. Na wako ambao kila mwaka mwezi ule unawarudisha walikotoka. We ndo kwanza una miezi miwili. Nenda kwa dokta sasa hivi, kabla ya Shaabani kuisha, afu mchukulie na shekhe wako maneno ya dokta, mana ruhusa ya mgonjwa ipo na sio mimi wa kukupa.

Jambo la mwisho kwako, usikate dawa ghafla kwa sababu umeona umepona. Kuna jaribio liliwafata waliokwisha kutulia kwa dawa hii, nusu wakaendelea nayo, nusu wakabadilishiwa kidonge bandia bila kujua. Ndani ya miezi sita waliorudia kufakamia kwenye kundi la dawa hawakufika 4 kwa mia, kwenye kidonge bandia walikuwa 32. Mpango wa kuacha upangwe na dokta, tena baada ya ile tiba ya mazungumzo kushika. Umeshaianza? Hukuniandikia. Nijibu.